Antoni Asiye na Mtoto

...na jina la mwenye duka amelijuaje, hilo ndilo swali, maana Marilda hajamaliza hata dakika tano humu ndani na tayari ni Bwana Abílio hivi, Bwana Abílio vile, Bwana Abílio hebu nishushie lile tandiko la juu, utadhani walikula meza moja, na asubuhi nzima wamepanda na kushuka mitaa hii ya mawe ya Tiradentes, wameingia kila duka, la vikombe vya bati, la vibuyu, la wale wanawake wa udongo wanaowekwa madirishani mkono shavuni kama wanangoja mchumba, ni duka hili moja tu Marilda alitaka walipite, twende zetu dada, hilo ni la vikuukuu tupu, vumbi litakupandisha pumu, pumu gani, Ivonete hajaugua pumu tangu komunyo ya kwanza, akaingia makusudi, na sasa ameinama mbele ya rafu ya chini kabisa, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na alichokikuta huko mvunguni ni sanamu, Mtakatifu Antoni wa mama yao. Si anayefanana naye, yeye mwenyewe, pindo la kanzu limeungua pale mshumaa ulipomwangukia usiku umeme ulipokatika, pua imezibwa kwa nta, kazi ya baba, baba alikuwa akiziba kila kitu kwa nta, na mkono wa kushoto umenyooka mbele haujabeba chochote, una kitundu tu, kitundu cha kigingi alipokuwa amesimama Mtoto Yesu... Usimguse, Ivonete anajiambia, ukimgusa watajua kwamba unajua, nao ni kina nani, ni Marilda na huyu Abílio wake, kikulacho ki nguoni mwako, miaka minne watu wanatafuta mwizi nje na mwizi anakunywa kahawa kwako kila Jumapili.

Kwa maana miaka minne imepita tangu wamzike mama kule Barroso, wakarudi nyumbani kutoka makaburini na matope viatuni, wakafungua kile kijikabati cha ukutani ambacho mama hakukifungua ila mwezi wa Juni, siku ya mtakatifu mwenyewe, ndani wakakuta kitambaa cha lesi na buibui mmoja, Antoni hayupo, na nani alikuwa na funguo za nyumba ile, Dirce aliyemtunza mama, nani alilala chumba kimoja na mama miaka tisa, akamwogesha, akamkatia kucha, Dirce, basi hesabu ilikuwa rahisi, nao wawili wakiishi Belo Horizonte na kuja mwisho wa mwezi na mfuko wa machungwa... lakini Marilda wiki ile alitangulia, sasa ndiyo anakumbuka, Marilda alifika siku mbili kabla yake, na gari, na buti ya gari inameza kabati zima sembuse kimtakatifu cha kimo cha mkono, na alilia mno kaburini, alilia kuliko anavyolia mtu asiye na la kuficha. "Dada Ivo," anaita Marilda kutoka upande wa matandiko, "njoo uone hili, limefumwa kule Resende Costa, njoo ushike." Nakuja, anasema Ivonete, na haendi. Anataka kumpeleka mbali na rafu, bila shaka, ujanja wa kitoto ule, alikuwa nao tangu zamani, alikuwa akila jamu ya mapera ya kopo kwa kijiko na kumwachia yeye kopo mkononi.

Ila kuhusu Mtoto, Marilda hajui. Hakuna anayejua. Mtoto yuko kwenye droo ya soksi, Belo Horizonte, ndani ya soksi ya sufu, mwaka wa ishirini na nane huu, na wala hakuwa wizi, kila msichana wa Barroso alifanya, unamtoa Mtoto mkononi mwa Antoni na kumwambia waziwazi, nipe mume nikurudishie mwanao, ni makubaliano, mtakatifu amezoea, na yeye alimtaja mpaka mtu mwenyewe, Osvaldo wa kiwanda cha saruji, mwenye nyusi, na Antoni akampeleka Osvaldo mwenye nyusi kuoa kule Prados, msichana wa mtengeneza matandiko ya farasi, basi Ivonete akasema vizuri, kaa hivyo hivyo mikono mitupu tuone nani atachoka kwanza. Mama aliuliza mara moja tu, anachambua maharage, hakuinua hata kichwa, Mtoto wa Antoni yuko wapi, Ivonete akasema panya, na mama akasema panya wa nyumba hii wana imani sana. Ikaisha. Marilda ameolewa mara mbili bila kumnyang'anya mtakatifu yeyote kitu, na sasa ona, amemuuza mtakatifu mzima... Amwambie hapa hapa? Amwambie mbele ya huyu mzee, Marilda, geuka, mtazame Antoni machoni? Maneno yapo tayari, yamejipanga mdomoni, la kwanza ni mwizi.

"Huyo si wa kila mtu," inasema sauti juu ya kichwa chake, ni Abílio, amekuja taratibu na ndara zake, wanakuja taratibu hivyo wakishahisi mnunuzi. "Anakosa mwana. Watu wanapenda mwenye mwana."

"Nani alimleta?" anauliza Ivonete, na sauti yake imetoka kavu, ya kufokea wanafunzi.

"Mama unatokea wapi?"

"Belo Horizonte." Kwa nini anataka kujua.

"Basi sawa. Maana niliapishwa asirudi Barroso." Akachutama naye, magoti yakalia. "Alimleta bibi mmoja mzee, mzee kweli, nilimpa hicho kiti. Hakutaka hata senti yangu."

Haya, bibi ameshafika, kila kitu kwenye maduka haya kina bibi yake mzee, saa ina bibi, sufuria ina bibi, na wote walilia... "Alilia?" anauliza Ivonete kwa kejeli.

"Alilia wapi, alikuwa na hasira na mtakatifu. Alisema, bintiye mkubwa alimkwapua Mtoto zamani, anadhani mamaye hajui, na huyu bwana amemwekea binti wa watu kinyongo mpaka leo hajapata mtu. Akasema, mimi sina muda tena, nimwondoe nyumbani labda atamsahau mwanangu. Hivyo hivyo. Nikamwambia, bibi, si umwambie tu binti arudishe? Akasema, ataona haya, huyo ana haya kama baba yake." Abílio anacheka kidogo, anampangusa mtakatifu kichwani kwa kiganja. "Tena alikuja kwa basi, fikiria, ameshikwa mkono na mwanamke anayemtunza, mnene hivi, kavaa saa ya kiume. Akamwapisha na yeye, hapo ulipo wewe. Usimwambie mtu, hata mimi nikifa, mwanangu asije akachekwa. Yule mwanamke akasema, siapi mara mbili, bibi, nimeshasikia."

Saa ya kiume, saa ya marehemu mumewe, ilimlegea mkononi, aliivua kila alipomwogesha mama na kuiweka juu ya redio... na ndiyo saa aliyokuwa ameivaa Dirce siku ile ya kuondoka, pale getini, na mfuko wake wa plastiki, hakuna aliyemwambia aufungue, aliufungua mwenyewe, aliona macho yao akaufungua, aproni, ndara, kipande cha keki ya mahindi kwenye karatasi, na Ivonete akatazama, Mungu wangu, aliinama akatazama mpaka chini ya ndara, na Dirce angeweza kusema neno moja tu, ni wewe mwenyewe Ivonete, ni wewe na panya wako, akasema Mungu awatunze, akafunga mfuko. Na jioni Ivonete akampigia simu Bibi Celma, ambaye kwake Dirce alikuwa aanze kazi Jumatatu, akamwambia, mimi simsingizii mtu, ila iangalie mikono yake. Jumatatu haikufika. Dirce alikuwa na miaka hamsini na nane, na Barroso ni mji mdogo, nani angemwajiri... Mvua inapiga vioo. Mlangoni jina la Abílio limeandikwa kwa herufi za kimo cha shubiri, hata kipofu angelisoma.

"Dada, unampigia nani magoti?" Marilda amekuja, tandiko la bluu begani, harufu ya pamba mpya.

"Marilda. Dirce siku hizi anakaa wapi?"

"Dirce yupi," anasema Marilda, "yule mwizi?"

Amesema bila uchungu, kama mtu anavyosema yule mfupi, yule wa duka la dawa.

"Usimwite hivyo."

"Mh. Si wewe uliyetuambia?" anasema Marilda, na hana ubaya wowote, ameshikilia tandiko kwa kidevu na kulinyoosha kwa mikono yote miwili, anaangalia kama litafika miguuni.