Mwavuli wa Settimia

Dada yangu Settimia aliolewa na Mjerumani mchoraji, mtu mpole asiyejua kukaa ndani. Wenzake walichora milima wakiwa vyumbani mwao Roma. Yeye, Leberecht, alibeba sanduku la rangi za mafuta mpaka huku kwetu Olevano, akabandika karatasi kwenye kifuniko chake, akachora palepale juani. Aliyemshikia mwavuli, jua lisiipige karatasi, ni dada yangu. Kila kiangazi, tangu waoane.

Siku moja ya Agosti niliwapelekea mkate na jibini bondeni. Nikamkuta Settimia amesimama, ameuinua mwavuli kwa mikono miwili, shingo imeiva kwa jua.

"Juu kidogo, mke wangu," Leberecht alisema bila kugeuka. "Mwanga unanikimbia."

"Wewe unakimbiwa na mwanga. Mimi mkono ulishanikimbia zamani."

"Kidogo tu. Kivuli cha ule mwamba kikihama, kazi yote bure."

"Jana ulisema kidogo tu. Na juzi."

"Settimia, tafadhali..."

Settimia alishusha mkono. Aliufunga mwavuli taratibu, akaulaza kando ya sanduku, naye akajilaza kwenye majani makavu. Karatasi ikang'aa kama bati. Leberecht akafinya macho, akapaka mara mbili tatu, akakosea, akaguna.

"Umekasirika?"

"Sina hata nguvu za kukasirika, bwana we. Nimechoka."

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama anavyotazama miamba kabla ya kuichora. Kisha akafuta brashi, akaketi karibu yake, akaanza kumkanda bega kwa vidole vilivyojaa rangi ya kijani. Mlima ukabaki nusu, hauna mbingu.

Kesho yake Leberecht alikata ufito msituni, akauchonga ncha, akafunga mwavuli juu yake usimame wenyewe, akaondoka peke yake. Settimia alibaki kwangu, walikofikia. Nilidhani tutapiga soga. Wapi! Alikaa kitandani, chini ya michoro iliyotundikwa kukauka, akalala na viatu vyake mpaka jioni.

Leberecht alirudi amelowa chapachapa.

"Hukuwapo kuniambia mvua inakuja," alilalamika mlangoni.

"Kwani hukwenda kuchora mbingu?" akauliza Settimia, macho bado mazito. "Sasa ulikuwa unatazama nini, baba?"

Shemeji yangu akaangua kicheko, na dada akamfuata, kivivu. Nikawapakulia supu ya dengu. Walikula wameegemeana, kila mmoja akisinzia juu ya bakuli lake.