Shimo la Severin

Notburga alimtazama mkwewe akichimba theluji kupima kama ingeporomoka, akacheka kwa pua. Tangu siku ya posa hakumpenda. Severin alikuwa amechagua mahali pa raha, tambarare, jua tele, upepo haufiki. Alikata bonge la theluji, akaweka koleo juu yake, akaligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Bonge halikuteleza.

"Umeona, mama? Imara!" Akanyoosha kidole kwenye mteremko mkubwa wenye kivuli, upande wa pili wa mgongo wa mlima. "Tunashuka na skii pale."

"Kwani umechimba pale?"

"Si theluji ile ile?"

"Makubwa! Mgonjwa yuko ndani, wewe unampima homa jirani."

Akamwongoza hadi kwenye kijiteremko kifupi kilichoelekea upande wa kivuli, ambako upepo ulirundika theluji usiku kucha. Akachimba. Hata hajamaliza kukata bonge, tabaka la juu likachomoka lote, likamwangukia magotini. Chini yake punje zilimwagika kama sukari.

"Na koleo sijaligonga," alisema. Angeishia hapo ingetosha, lakini ulimi wake haukuwa na breki. "Mwanangu Leni aliniambia anaolewa na mwanamume. Kumbe ni koti la bei lenye miguu!"

Severin akaiva uso. Akafunga miguuni mbao zake za skii, akaenda hadi ukingoni mwa ule mteremko mkubwa. "Basi leo utamwona mwanamume."

Ncha za skii zilikuwa tayari zinaning'inia. Notburga alikuwa na kejeli nyingine mdomoni, kali kuliko zote. Ndipo hofu ikamshika. Alijua neno moja tu lingemsukuma kijana wa watu chini. Akalimeza.

"Severin, baba, nisamehe. Nimekutukana vibaya. Rudi, nakuomba."

"Sema wewe ndiye mwoga."

"Mimi ndiye mwoga."

Akarudi nyuma polepole. Wakashukia msituni, kwenye theluji mbovu.

Jioni, mezani, Severin alimhadithia mkewe huku akijipigapiga paja. "Mama yako alitetemeka, Leni! Alinibembeleza! Na mteremko wenyewe mpaka tunaondoka umetulia tuli."

Leni akacheka hadi machozi. Notburga, ambaye hajawahi kuacha neno bila jibu, alikamata upawa kwa nguvu. Akamwongezea mkwewe supu na donge kubwa la mkate.

"Kula, baba," alisema. "Kula ingali moto."