Amana Chini ya Kufuli

Mjomba hakuwa mwizi. Hilo hata waliomchukia walilikubali, nao hawakuwa wachache. Dada yake alipofariki aliacha karakana ya ushonaji yenye cherehani sita, na hati kwa wakili: kaka mtu awe mdhamini, aitunze amana hiyo mpaka binti wa marehemu atimize miaka ishirini na mitano. Mjomba alipiga kufuli siku ileile, akauvaa ufunguo shingoni, na kwa miaka kumi na mmoja hakuingia mtu.

Walijaribu. Mshonaji mmoja aliomba kuikodi, akatimuliwa. Fundi viatu wa jirani alikuja kumwambia kwamba upepo umeng'oa bati la paa.

"Kumbe huwa unachungulia!" Mjomba alimfokea, na tangu hapo hawakusalimiana. Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye kila Jumamosi alikwenda kulitia kufuli mafuta, akalisugua pamoja na ufunguo kwa kitambaa, akarudi nyumbani roho yake kwatu.

Siku ya makabidhiano alivaa koti. Mpwa wake alikuja na wakili, wala hakutoa shikamoo. Alikuwa akishona kwenye vibaraza vya watu kwa cherehani ya kuazima, na kila alipoomba walau moja ya mama yake, alijibiwa kwamba amana haiguswi.

"Leo utanishukuru," Mjomba alisema.

Kufuli lilifunguka bila kelele. Mlango ndio uliogoma, umevimba kwa maji. Wakausukuma wote watatu. Ndani, chini ya tundu la bati, cherehani zilikuwa zimejipanga, nyekundu kwa kutu. Mpwa alishika gurudumu la ile ya mama yake. Akalivuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Zipo zote sita," Mjomba alisema. "Sijagusa hata sindano."

"Afadhali ungeziiba, Mjomba. Mwizi angezitia mafuta."

"Wakili, mwambie huyu! Mdhamini haruhusiwi kujinufaisha!"

"Haruhusiwi," wakili alijibu. "Wala haruhusiwi kuacha mali ioze. Hati inasema utunze, mzee. Ungeziba paa, ungekodisha, kodi ikamsomesha huyu. Anaweza kukushtaki."

"Na nitamshtaki," mpwa alisema.

Mjomba alimchukia papo hapo. Akamchukia na wakili, na zaidi ya wote akamchukia fundi viatu, aliyekuwa amesimama nje na nyundo yake mkononi, akitazama. Jumamosi zote zile, jua na mvua, halafu hii ndiyo asante yake! Akauvua ufunguo shingoni kwa hasira, akamnyooshea mpwa wake. Uling'aa kama umenunuliwa jana.

Binti aliutazama, asiupokee.

"Kaa nao," alisema. "Huo ndio ulioutunza."