Tyubu Iliyovutwa Tangu Saa Tatu

Mkono wa roboti ulikuwa umevutwa nyuma tangu saa tatu asubuhi, na sasa saa sita ilikuwa inapita. Devota alikaa sakafuni mwa ukumbi ule wa mjini Dodoma, amekumbatia magoti, anazitazama zile tepe za tyubu kama mtu anayetazama ng'ombe wake akifungwa juani na watu wasiofuga.

Mashine aliibuni yeye. Shule yao iko Kibaigwa, na pale kwenye soko la mahindi baba yake, Nathanaeli, anasukuma mkokoteni. Miezi mitatu Devota alikata mbao, akaharibu, akakata tena, mpaka akapata kitu cha kueleweka: mkono wenye kikombe nchani, tepe mbili za tyubu ya baiskeli za kuurusha, mota ndogo ya kuuvuta nyuma, na kulabu ya kuushika mpaka kitufe kibonyezwe. Kule shuleni, katika mitupo kumi, tufe liliingia kikapuni mara tisa. Leo, kwenye mashindano ya mkoa, walipewa mitupo mitatu. Wakiingiza miwili, wanakwenda taifa. Wakikosa, kabati la roboti linageuzwa la sare za kwaya; hilo mwalimu alishalisema.

Akainuka, akamfuata Mwalimu Thobias.

"Mwalimu, naomba niilegeze tyubu. Ikikaa imevutwa inachoka. Baba huwa analegeza zile za kufungia magunia kila anapoegesha, hata akienda kula tu."

"Baba yako mhandisi?"

"Hapana, mwalimu. Anabeba magunia."

"Basi. Mgeni rasmi yuko njiani. Akiingia akute iko tayari, abonyeze, picha ipigwe. Unataka mtu mzima asimame anakusubiri wewe unavutavuta?"

"Ni sekunde ishirini, mwalimu."

"Heshima, Devota."

Akarudi kukaa. Elisha, mwenzake wa nyaya na betri, akamwinamia sikioni. "Njiani ipi hiyo? Labda anatokea Dar kwa kuzungukia Kolo, kaskazini kabisa."

Devota hakucheka. Alikuwa anamwangalia mwalimu akiifuta meza ya mgeni kwa leso. Akafuta, akajifutia jasho la shingoni kwa leso ileile, akafuta meza tena.

Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Watu wakasimama, wakaimba, wakakaa. Kisha akala. Shule sita, watoto waliokunywa uji alfajiri, wote wakamtazama akitafuna paja la kuku, akinyonya mfupa, akilamba kidole kimoja kimoja kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake. Mwalimu Thobias alisimama nyuma ya kiti, ameshika maji ya kunawa, na maji yale hayakuguswa.

"Mheshimiwa, vijana wamekusubiri kwa hamu kubwa sana," mwalimu akasema, akimwongoza kwenye mashine.

Kidole gumba kinachong'aa mafuta kikatua kwenye kitufe. Kulabu ikaachia. Mkono ukainuka pole pole, kama mzee anayetoka kitandani, na tufe likadondoka hatua moja mbele, likabingirika, likasimama kwenye ncha ya kiatu cha mgeni.

Mwalimu Thobias akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Nimerusha," mgeni akasema, ameridhika kabisa, akarudi kwenye soda yake.

Mwamuzi, mama mmoja aitwaye Emiliana, hakupiga makofi. Aliandika. "Mtupo wa kwanza, umekosa."

"Madam, ule ulikuwa wa uzinduzi tu," mwalimu akasema.

"Kitufe kimebonyezwa, mwalimu. Wamebaki na miwili. Kuna dakika mbili za matengenezo."

Mwalimu akamgeukia Devota, meno yamebana. "Umeniaibisha."

Devota akapiga magoti kando ya mashine. Mfukoni mwa sweta alikuwa na tepe nyingine mbili, alizikata kwenye tyubu ileile. Akazivua zilizochoka, zilikuwa zimerefuka, zinaning'inia kama ulimi wa mbwa. Akafunga mpya. Kitufe akakifuta kwa pindo la sketi, mara mbili, uso umemkunjika.

"Usivute mpaka niseme," akamwambia Elisha.

Emiliana akainua mkono. "Vuta," Devota akasema, na kulabu iliposhika tu akabonyeza. Tufe likaenda moja kwa moja kikapuni.

La mwisho liligonga ukingo, likazunguka mara moja, likazunguka tena, likatumbukia. Elisha akaketi chini palepale alipokuwa amesimama.

Ukaja wakati wa picha. Mgeni akaikumbatia mashine, mwalimu ubavuni kwake, tabasamu mpaka masikioni. "Devota, ivute kidogo. Mheshimiwa ashike ikiwa imevutwa, ipendeze."

Devota akasogea. Akazivua tepe zote mbili, akazitia mfukoni. Mkono wa mbao ukalala juu ya tai ya mgeni.

"Tyubu inapumzika, mwalimu. Taifa ni baada ya wiki mbili."

Mpiga picha akapiga hivyohivyo. Devota alikuwa ameshatoka nje, yuko bombani, anasugua vidole kwa sabuni ya unga aliyomwomba mfagiaji. Akainusa mikono, bado ina harufu ya kuku, akasugua tena.