Kikombe cha Ndama

Watu huoneana gere kwa mambo mengi: nyumba, mume, nywele, hata kilio cha msibani, nani kalia vizuri kuliko nani. Marsela alimwonea mwenzake gere kwa sababu ya tumbo. Ndiyo, tumbo, hili hili la kuwekea ugali. Mwenzake huyo ni Jeniffer, mke wa shemeji yake Amosi. Waliishi boma moja huko Litapunga, nyumba zinatazamana mlango kwa mlango, kiasi kwamba Jeniffer akikohoa Marsela anajua kama ni vumbi au mafua.

Jeniffer alizaliwa kwa wafugaji, akaolewa kwa wafugaji. Asubuhi alitoka zizini na kikombe cha maziwa yenye povu, bado yana uvuguvugu wa ng'ombe, akayapiga yote akiwa amesimama, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kisha akaenda kulima mpaka jua la utosi. Marsela akinywa nusu ya kikombe hicho, tumbo lilimvimba likawa ngoma, likanguruma bila haya, na kabla hajamaliza kufagia uwanja alikuwa ameshakimbilia chooni. Kuyachemsha hakukusaidia kitu. Kwao Usevya walikula wali na samaki, wakashiba, wakamshukuru Mungu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maziwa ni mtihani.

Kwa mama mkwe wake yalikuwa mtihani. Mama Manyanda alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mifugo yote ya boma ilikuwa chini ya ulimi wake. Katika ukoo wa marehemu mumewe, mjukuu akikaribia kuanza darasa la kwanza hunyweshwa kikombe cha maziwa mlangoni mwa zizi, ndugu wote wakiwa wamesimama. Bibi mwenyewe ndiye anayekamua. Mtoto anakunywa mpaka chini bila kushusha kikombe, kisha anaingia zizini kuchagua ndama jike. Ndama huyo ni wake, na uzao wake ni wake, awe mvulana au msichana. Mtoto anayeshindwa haanzi na kitu.

Mwaka huu walikuwa watoto wawili: Faith, binti wa Marsela, na Thadei, mtoto wa Jeniffer. Thadei alikuwa na mashavu ya kubanwa na kila mpita njia. Alikunywa maziwa asubuhi, akanywa jioni, akalamba na kibuyu. Faith zamani aliyanywa vizuri tu, lakini tangu mvua za mwaka jana akinywa alikuwa anashika tumbo na kujikunja.

"Damu yetu haikatai maziwa," Mama Manyanda alisema siku moja akimtazama Faith anavyokisogeza kikombe pembeni. Alisema polepole, kama mtu anayesema hali ya hewa. "Huyu sijui kalitoa wapi tumbo hili."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Marsela alikwenda jikoni akakaa juu ya kigoda. Mwanawe alikuwa anatolewa kwenye ukoo mchana kweupe, na nje pale Jeniffer alikuwa anamfuta Thadei povu la maziwa puani huku anacheka. Roho ilimuuma Marsela. Alichukia kile kicheko, alichukia yale mashavu, akajichukia na yeye kwa kuchukia mashavu ya mtoto mdogo. Lakini kujichukia hakukumzuia.

Akaanza mazoezi. Kila alfajiri, kabla boma halijaamka sawasawa, alimwita Faith jikoni, akampa maziwa na kumfundisha kama mwalimu wa kwaya: funga macho, vuta pumzi, meza, usishushe kikombe. Kidogo leo, kesho kuzidi. Alijiambia kwamba tumbo ni kama mguu, ukilitembeza litazoea. Si watu wanazoea pilipili? Si watu wanazoea hata mume mlevi?

Tumbo halikuzoea. Faith aliharisha, akakonda, shingo ikawa nyembamba juu ya gauni. Walimpa dawa ya minyoo, wakamchemshia majani ya mpera, na asubuhi inayofuata mama yake akampa tena maziwa. Jeniffer alipomwona hivyo alikuja na uji wa ulezi kwenye bakuli lenye kifuniko.

"Dada, mpe mtoto uji huu, haujatiwa maziwa. Nimeona kama yanamsumbua."

"Nani kakwambia yanamsumbua?" Marsela alijibu. "Mtoto ana minyoo tu. Mwanangu anakunywa maziwa kama watoto wengine."

Jeniffer aliliacha bakuli kwenye kizingiti akaondoka. Uji ule ulikuwa mtamu, Marsela aliuonja. Akawapa kuku.

Mambo yaliharibika Jumapili moja kanisani. Katikati ya mahubiri Faith alishindwa kujizuia, akachafua gauni lake jeupe la Krismasi, akaanza kulia kwa aibu mbele ya watoto wote. Marsela alibaki ameduwaa. Jeniffer ndiye aliyemnyanyua mtoto, akamtoa nje, akamsafisha kwa maji ya tangi, akamfunga khanga yake mwenyewe. Marsela alipowafikia, Faith alikuwa ameweka kichwa begani kwa Jeniffer, ametulia. Yaani hata hilo! Tumbo amepewa yeye, sifa amepewa yeye, sasa na mtoto pia? Alimpokonya mtoto bila hata asante.

Mumewe, Manyanda, mtu wa maneno machache aliyempenda binti yake kuliko baiskeli yake, ambayo aliipenda sana, alisema kesho yake wanakwenda Mpanda. Wakapanda bodaboda, mtoto katikati, wakafikia kwa shangazi yake Marsela anayeishi Kawajense.

Daktari waliyemkuta aliitwa Nestori, kijana mwenye subira. Alipima choo, akapima damu, hakuona minyoo wala kingine cha kutisha. Akauliza mtoto anakula nini. Marsela akataja ugali, mchicha, maharage, wali.

"Na maziwa," alisema Faith. "Mama ananipa asubuhi nifunge macho."

Manyanda aligeuza shingo akamtazama mkewe. Marsela akatazama dirisha.

Daktari hakugomba. Alisema mtoto asiguse maziwa kabisa, wabaki mjini kwa shangazi, warudi baadaye aone. Huko Kawajense Faith alikula wali kwa dagaa, akala ndizi, akala karanga za shangazi mpaka akakatazwa. Kuharisha kukakoma. Baada ya siku chache alianza kuruka kamba na watoto wa jirani, na Marsela alikaa mlangoni akimtazama huku moyo unamsuta. Dawa ilikuwa ni yeye kuacha. Basi, hiyo tu.

Waliporudi hospitali, daktari aliwaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka. "Kila mtoto anazaliwa na kitu tumboni cha kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa. Watu wengi duniani, wakikua kidogo, kitu hicho kinapungua, na si ugonjwa. Wengine kinabaki kinafanya kazi mpaka uzeeni, hasa kwenye koo zilizoishi na ng'ombe tangu zamani. Inategemea vinasaba, yaani urithi wa mwilini. Mtoto anapata kimoja kwa baba na kimoja kwa mama."

"Basi tumbo hili kalitoa kwangu," Marsela alisema chini chini.

"Kwako na kwa baba yake. Kinasaba kinachoruhusu maziwa, mtu akiwa nacho hata kimoja tu, anakunywa. Huyu hana hata kimoja. Ina maana wazazi wote wawili mlimpa kile kingine."

Manyanda akacheka. "Daktari, mimi nakunywa lita nzima."

"Wewe una kimoja kinachofanya kazi, ndicho kinakusaidia. Lakini una na kingine kilicholala, umetembea nacho bila kujua. Hicho ndicho ulimrithisha."

Kisha akawaambia wasiogope. Mtindi kidogo huenda akauvumilia, dagaa na mboga za majani zitamjenga mifupa, na hata akinywa maziwa bahati mbaya hayatamuua, yatamtesa tu. Kumlazimisha ili azoee ndiyo kosa, kwa sababu tumbo hilo halisomeshwi.

Marsela alitoka pale mwepesi kama kuku aliyekatiwa kamba. Imetoka pande zote mbili! Alitamani bodaboda iruke, afike, asimame katikati ya uwanja amwambie mama mkwe na Jeniffer awe anasikia. Alikuwa ameshapanga na namna ya kushika kiuno. Lakini njiani waliposimama kununua machungwa, Manyanda alimwomba kuhusu mama yake.

"Usimwambie mayu. Ataona kama namtukana marehemu baba. Wewe sema tu mtoto amepona."

"Na kikombe? Ni Jumamosi."

Manyanda alimenya chungwa mpaka mwisho. "Kikombe kimoja tu, mama Faith. Umemsikia daktari, hayamuui. Anywe, apate ndama wake, ahare siku moja, yaishe."

Tusimseme Manyanda. Marsela mwenyewe alikuwa ameliwaza hilo kabla hajaambiwa. Kikombe kimoja, na Thadei hatampita mwanawe. Kikombe kimoja, na lile neno la damu litakufa. Alimuuliza Faith, na Faith akasema ataweza, kwa sababu alitaka ndama kuliko alivyotaka shule.

Jumamosi hiyo zizi lilikuwa tope tupu kwa mvua. Ndugu walikuja hata kutoka Inyonga. Mama Manyanda alifunga kitenge kipya, akachuchumaa, akakamua mpaka kikombe kikafurika. Kwa kuwa Faith ni mtoto wa kaka mkubwa, ndiye aliyeitwa kwanza.

Alikwenda mwenyewe, hakusukumwa. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akafunga macho. Akavuta pumzi. Marsela aliona kijasho kinamtoka mtoto juu ya mdomo, akaona na tumbo dogo limeshajikaza kabla hata ya tone la kwanza, kama mtu anayesubiri fimbo. Na yeye ndiye aliyemfundisha kusimama hivyo. Pembeni Jeniffer alikuwa amemshika Thadei bega, ametulia, hana wasiwasi wowote, na Marsela alimwonea wivu mkali kuliko siku zote, mpaka machozi yakamlenga. Kisha akapita katikati ya watu akamnyang'anya mwanawe kikombe.

"Hanywi," alisema.

"Nilijua," Mama Manyanda alisema akiwa bado amechuchumaa. "Nilisema mimi. Damu yetu—"

"Mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini usiimalize hiyo," Marsela alisema. "Daktari kasema mtoto hawi hivi mpaka arithi kwa mama na kwa baba. Wote wawili. Kwangu imetoka, sikatai, maziwa yananishinda tangu nilipoingia hapa, nimewaficha. Nusu iliyobaki muulize mwanao."

Wote wakageuka. Manyanda alitazama buti zake za mvua.

"Ni kweli, mayu," alisema hatimaye. "Nilikuwepo. Nusu ni yangu. Faith ni wangu, na tumbo lake ni langu pia."

Mama Manyanda aliinuka kwa shida akajifuta mikono. Alimvuta mjukuu wake, akampangusa kile kijasho kwa ncha ya kitenge kipya. "Basi neno langu nimelirudisha," alisema. "Mjukuu ni wetu, na asiseme mtu mwingine tofauti. Lakini kikombe ni kikombe. Sikukianzisha mimi na sitakivunja mimi."

Thadei akaitwa. Akanywa kama anakunywa maji, akaingia zizini mbio, akatoka akimvuta ndama mwekundu. Watu wakapiga vigelegele, na vya Jeniffer havikusikika kati yao. Marsela hakupiga, ila hakuondoka. Alisimama pale kikombe kikiwa bado mkononi, maziwa yanamdondokea vidoleni, roho inamwaka moto, lakini ndani ya moto ule alijua amefanya sawa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa amekimeza kijiba chake cha roho mbele za watu, akakiacha kishuke. Alichuchumaa ili amkumbatie mwanawe.

Faith alimsukuma. Uso ulikuwa umelowa machozi, na kidole alimnyooshea yeye, mama yake, ukoo wote ukisikia.

"Mama una wivu!" alipiga kelele. "Mimi ningeweza! Umeona ningeweza na wewe huwezi, ndiyo maana umeninyima ndama wangu!"

Akakimbia kuvuka tope, akaenda kujificha kwenye sketi ya Jeniffer.