Mlango wa Zizi Dogo

Mwalimu Abdow wa darasa la jioni alimrudishia Shamso hadithi yake bila alama hata moja.

"Sentensi zako safi, Mama Ramlo, lakini hadithi inakwepa kitu. Kamsomee mtu asiyekuonea haya, kisha uiandike upya. Jumamosi utaisoma mbele ya wageni."

Kuandika upya! Shamso alishtuka kama aliyeambiwa akamzae mtoto mara ya pili. Isitoshe, mgeni aliyemwalika alikuwa Khalif, kaka yake, na hadithi ilimhusu.

Kesho yake baada ya alasiri, mtoto wake Ramlo akiwa titini, alimsomea Maka, mama mkwe wake, akimfasiria kwa Kisomali. Yalikuwa mambo ya kweli. Kule kwao Sangailu, fisi aliingia zizi dogo akamaliza vitoto kumi na kimoja vya mbuzi, kwa sababu Khalif aliacha mlango wazi. Baba alimchapa, akampeleka Wajir kwa mjomba. Hakurudi nyumbani tena ila kwa kutembelea.

Maka alimsikiliza kama asikilizwavyo msafiri aliyetoka malishoni. Habari ya msafiri haimezwi nzima. Huulizwa mpaka ijae.

"Khalif alichunga nini?"

"Ngamia, hooyo," alimjibu mama mkwe.

"Mvulana wa ngamia anafuata nini kwenye vitoto vya mbuzi? Tawi la miiba la mlango ule huburutwa na msichana. Msichana wa boma lenu alikuwa nani?"

Ramlo aliachia titi akamtazama mama yake.

"Mimi," Shamso alisema.

"Eh! Basi habari yako ina tundu, na fisi kapitia hapo hapo."

Wakati ule Shamso alikuwa na miaka tisa. Alilivuta tawi nusu, akakimbilia hadithi za nyanya. Asubuhi baba alipouliza, kidole cha Shamso kikanyooka chenyewe kwa Khalif. Uongo ule aliusimulia miaka kumi na minne, mpaka akawa anamwona Khalif pale mlangoni kwa macho yake mwenyewe. Na sasa alikuwa ameuandika kwa mwandiko mzuri!

Akaukata mstari uliomtaja Khalif mlangoni. Akaandika: *Ni mimi niliyeacha mlango wazi, na hakuna aliyeniona.* Lakini haikufaa Khalif ayasikie hayo mara ya kwanza mbele ya watu. Akampigia simu.

"Abaayo, dada yangu! Mbona unahema kama mbuzi mgonjwa?"

"Nyamaza nikusomee."

Alisoma mpaka mwisho, akiwa na hakika amempoteza kaka.

"Umekosea mahali pamoja," Khalif alisema.

"Wapi?"

"Hapo pa hakuna aliyekuona. Nilikuwa nimejilaza kando ya ngamia. Nilikuona ukiliacha lile tawi. Nikasema nitaamka nilifunge, usingizi ukanichukua."

Shamso aliketi sakafuni na mtoto wake.

"Wallahi? Miaka yote hiyo! Kwa nini hukusema?"

"Na wewe je?" Kicheko chake kilikwaruza. "Rekebisha, dada. Tulikuwa wawili pale mlangoni. Jumamosi nitakaa mbele, nisikie kama umeniandika."

Shamso akaukata na mstari ule mpya, aandike wawili.