Mkanda wa Wenye Kamera Mbili

Shingo ilianza kuniuma Jumatatu, baada ya kupiga picha harusi mbili mfululizo. Mtu akiniita kutoka kulia, nilizunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mke wangu akaangalia alama nyekundu niliyochorwa na ule mkanda mwembamba uliokuja na kamera.

"Baba Pacha, huo utakukata kichwa. Kanunue mwingine."

Dukani nilimkuta mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Alinipa mkanda mpana, laini, unaovutika kidogo.

"Uvae kimshazari, kamera ikae kiunoni. Tembea mpaka mlangoni urudi, mara tatu. Shingo yenyewe itakwambia."

Nilitembea. Shingo ikasema imeridhika. Kioo ndicho kilichokataa: kilinionyesha mtu mnene aliyeazima mkoba wa shangazi yake.

Ukutani palining'inia mikanda ya ngozi ya kuvaa mabega yote mawili, ikipishana mgongoni, na ndoano za shaba kila upande. Nilipoivaa, kifua kilijaa na tumbo likaingia. Nilijua fika kwamba tumbo limeingia kwa sababu nimebana pumzi, lakini sikutaka kulifuatilia jambo hilo.

"Hiyo ni ya wenye kamera mbili," yule mama akasema. "Wewe unayo moja."

"Ya pili iko njiani," nikamjibu. Haikuwa njiani wala popote. Nikalipa, nikaondoka nayo.

Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine, na kunivalisha tu kulihitaji mke wangu na pacha wote wawili. Lakini niliingia ukumbini kifua mbele, nikijiona wa maana.

Ikafika zamu ya ukoo wa bwana harusi, watu kama arobaini. Walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kugombea nafasi za mbele, na dakika kumi nzima niliwabembeleza watabasamu bila mafanikio. Nikachutama mbele ya safu ya viti vya plastiki vilivyonipa mgongo, ili wote waenee kwenye picha. Niliposimama, kiti nacho kikasimama. Ndoano iliyokuwa ikisubiri kamera ya pili ilikuwa imeingia kwenye tundu la kiegemeo. Nikageuka kushoto nikitafute, kikageuka nami. Nikageuka kulia, kikaangusha maua.

Ukoo mzima ukacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi jasho likinitoka, uso umenishuka, lakini kidole ni cha kazi, kikaendelea kubonyeza.

Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyekuja kunichomoa, taratibu, kama anamvua mtoto shati.

"Pole, mwanangu. Ulitaka kuondoka nacho?"

"Hapana, shangazi. Kimenifuata chenyewe."

Picha ya kicheko hicho ndiyo waliyoichagua kuikuza. Mama wa bwana harusi alinipigia simu kunishukuru, akasema hajawahi kuwaona shemeji zake wakicheka pamoja.

Jumatatu nilirudi dukani, nikaulizia ule mpana. Yule mama alinitolea bila maswali, akaniambia tena nitembee mara tatu. Nikatembea, safari hii nimekipa kioo mgongo.

Juzi nilifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, na shingo ikawa inageuka pande zote. Mpiga picha mwenzangu alinipiga moja nikiwa nimejisahau, kutoka ubavuni, mkanda umepita juu ya tumbo lote. Nilimwomba aifute. Amekataa, anasema mwanga ulikuwa mzuri sana.